Saruji Juu ya Makaburi ya Wazee Wetu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola aliyeijaalia ardhi kuwa makazi ya walio hai na hifadhi ya waliokufa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, sahaba zake na kila anayefuata mwenendo wake. Ama baada ya hayo:

Imeenea katika miji yetu ya mwambao desturi ambayo wengi huiona kuwa ni wema usio na dosari. Ukoo hukutana, aghalabu baada ya harusi au khitma, wakakumbushana kuwa kaburi la babu mkubwa, lililo katika makaburi ya kale pembezoni mwa mji, limemezwa na majani, jiwe lake la kichwani limeanguka na maandishi yake yanafutika. Hapo mchango hupitishwa. Walioko Maskati na Dubai hutuma zaidi kuliko walioko hapa, kwani aliye mbali humkumbuka babu kwa shauku kubwa kuliko yule anayepita kaburini kila siku akienda sokoni. Fundi huitwa. Baada ya wiki mbili, mahali palipokuwa na jiwe la matumbawe lenye kimo cha dhiraa moja huwa pana sanduku la saruji lililovikwa vigae vya bafuni na kuzungushiwa vyuma, na mbele yake kibao cha marumaru chenye jina la marehemu, nasaba yake hadi babu wa saba, vyeo vyake ambavyo baadhi hakuwa navyo alipokuwa hai, na chini kabisa majina ya waliogharimia.

Upande wa pili wako vijana, na hawa ni vijana wetu, wanaohudhuria darsa zetu na kusoma jarida hili. Hao wakiliona sanduku lile husema dawa yake ni nyundo. Na wengine hawaishii kwenye sanduku jipya, bali huyatazama hata mawe ya karne tano au sita nyuma kwa jicho hilohilo.

Tunasema kwa uwazi: makundi yote mawili yamekosea. Haki ya jiwe la kale ni kusimamishwa pale lilipoanguka, kuondolewa majani, kisha kuachwa. Anayezidisha juu ya hapo kwa saruji amevuka mpaka, na anayepunguza kwa nyundo amevuka mpaka. Lakini maneno yetu mengi leo yatawaelekea wenye saruji, kwa sababu kosa lao limevaa vazi la wema, na kosa lililovaa vazi la wema hudumu.

Jiwe alilolibeba Mtume (s.a.w.)

Tuanze na jiwe lenyewe, kwa kuwa wapo miongoni mwetu waliofikia kudhani kuwa kila alama juu ya kaburi ni bidaa. Sivyo. Abu Daud amepokea kuwa alipofariki Uthman bin Madh'un (r.a.) na kuzikwa, Mtume (s.a.w.) alimwamuru mtu alete jiwe. Yule mtu akashindwa kulinyanyua. Mtume (s.a.w.) akaliendea mwenyewe, akapandisha mikono ya nguo yake hata msimulizi akawa kama anauona weupe wa mikono ile, akalibeba na kuliweka upande wa kichwa. Kisha akaeleza sababu, nayo ni kuwa apate kulitambua kaburi la ndugu yake na kuzika karibu naye watakaokufa katika watu wake.

Msomaji aitazame hadithi hii kwa utulivu. Jiwe lile halikuchongwa wala halikuandikwa. Halikununuliwa wala halikuchangiwa. Lilikuwa zito kiasi cha kumshinda mtu mmoja, maana yake si kokoto la kupeperushwa na mvua ya kwanza, bali alama iliyokusudiwa kudumu. Na aliyelibeba ni mbora wa viumbe, kwa mikono yake, wala hakumwachia kibarua. Basi anayesema kuweka jiwe ni haramu amemkosea Mtume (s.a.w.), na anayesema jiwe tupu halitoshi naye amemkosea Mtume (s.a.w.).

Waarabu huliita jiwe la kaburi shahid, na sisi Waswahili neno hili hatuhitaji kufasiriwa. Ni shahidi. Swali ni hili: anashuhudia nini? Kwa hadithi ya Uthman bin Madh'un anashuhudia jambo moja tu, kwamba hapa amelala mtu, usipakanyage, na kama wewe ni jamaa yake, mwombee. Hakuwekwa kushuhudia kuwa ukoo wenu ni mkubwa.

Sasa iwekwe pembeni ya hadithi hiyo ile ya Jabir (r.a.) aliyoipokea Muslim katika Sahihi yake, kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kaburi lisitiwe chokaa, lisikaliwe na lisijengewe. Katika riwaya ya Tirmidhi limeongezwa katazo la kuandika juu yake. Hapa pana mambo matatu yaliyofungwa katika kamba moja: chokaa, kukalia, kujenga. Watu wetu wanalichukua lile la katikati kwa uzito mkubwa, na mtoto akikaa juu ya kaburi huchapwa. Lakini la kwanza na la tatu wanayafanya mchana kweupe na kuyachangia. Ni kwa dalili gani wameigawa hadithi moja vipande, wakachukua theluthi na kuacha theluthi mbili?

Minhaji haikunyamaza

Tunajua jibu litakalokuja. Litasemwa kuwa haya ni maneno ya Mawahabi, yameletwa na vijana waliosoma Uarabuni, na kwamba wazee wetu wa Kishafii hawakuwa na ugumu huu.

Basi tuuache Uarabuni wa leo, twende kwenye kitabu kilicho katika mashubaka ya misikiti yetu, alichosomeshwa babu huyohuyo anayejengewa: Minhaji ya Imam Nawawi. Mwandishi wake alifariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277, na Sheikh Muhammad bin Abdulwahhab hakuzaliwa ila mwaka 1703. Katika mlango wa jeneza, Nawawi anataja kuwa ni makuruhu kulitia kaburi chokaa, kulijengea na kuliandika. Kisha anaongeza jambo ambalo wasomeshaji wengi hulipita haraka kama mtu anayepita kwenye moshi, kwamba likijengwa katika makaburi yaliyotolewa kwa ajili ya watu wote, jengo hilo hubomolewa. Na kabla yake Imam Shafii mwenyewe (aliyefariki mwaka 204 Hijria) ametaja katika kitabu chake Al-Umm kuwa aliwaona watawala wa Makka wakiyabomoa yaliyojengwa makaburini, na hakuwaona mafakihi wakiwalaumu kwa hilo. Hii ndiyo madhehebu. Anayetaka kuikataa na aikatae, lakini asiikatae huku amejifunika joho lake.

Kwa nini wanavyuoni wakatofautisha kati ya makuruhu na kubomolewa? Kwa sababu makaburi ya watu wote si milki ya mtu. Ni wakfu. Anayejenga humo anawabana wengine, na ardhi ya wakfu haibanwi. Mwili ukishakuwa udongo, fikihi imeruhusu mahali pale pazikwe mwingine, na ndivyo makaburi ya Waislamu yalivyohudumia vizazi kwa vizazi bila kuumeza mji. Lakini saruji haiozi pamoja na mwili. Sanduku likijengwa, kipande kile kimetekwa milele kwa jina la ukoo mmoja. Nenda leo katika makaburi ya zamani ya mji wowote mkubwa wa pwani hii siku ya mazishi, uone waliobeba jeneza wanavyopita kiubavu kati ya vyuma na vigae wakitafuta nafasi ya kumlaza mtu. Huo ndio ubanaji waliouzungumzia mafakihi, nasi tunauona kwa macho.

Wapo wanaotegemea kauli ya baadhi ya wanavyuoni wa baadaye waliovua katika hukumu hii makaburi ya watu wema, ili wazuriwe. Kauli hiyo ina maneno yake, na haina nguvu mbele ya hadithi ya Jabir. Lakini hata tukiikubali kwa ajili ya mjadala, je, babu aliyekuwa mfanyabiashara wa pembe na karafuu ameingiaje humo? Aliyekuwa na duka jana amefanywa walii leo, na shahada ya uwalii wake ni risiti ya marumaru.

Ama kuhusu kuandika, uadilifu unatutaka tuseme kuwa hapa pana mjadala wa zamani. Al-Hakim, mwandishi wa Mustadrak, aliipokea hadithi ya katazo la kuandika, kisha akasema kuwa haifanyiwi kazi, kwani makaburi ya maimamu wa Waislamu mashariki na magharibi yameandikwa. Adh-Dhahabi akamjibu kuwa hoja hiyo haina faida, kwa kuwa hajulikani sahaba aliyefanya hivyo, na kwamba ni jambo lililozushwa na baadhi ya waliokuja baadaye ambao katazo halikuwafikia. Tunalitaja hili kwa makusudi. Wazee wetu walioandika mawe walikuwa na wa kumfuata, na hatuwatoi katika kheri kwa jiwe. Lakini wewe uliyefikiwa na katazo, na ukasomewa kauli ya Dhahabi, huna udhuru waliokuwa nao.

Nguzo zimebaki, majina yamekwenda

Pwani yetu ina mawaidha juu ya jambo hili ambayo Waislamu wa nchi nyingi hawakupewa. Ni makaburi ya nguzo. Yapo Kunduchi, yapo Kaole karibu na Bagamoyo, yapo Malindi na Mambrui, na visiwani Lamu. Waliozikwa humo walikuwa matajiri wa zama zao. Jamaa zao waliwasimamishia nguzo ndefu za mawe na chokaa, wakazipamba kwa mabakuli ya kaure kutoka Uchina, mali iliyovuka bahari nzima ili ikabandikwe juu ya maiti. Hakuna ukoo wa leo utakaoweza kuwashinda watu wale kwa gharama.

Tazama matokeo. Mabakuli mengi yamebanduliwa, yamebaki mashimo yake. Nyingi katika nguzo hizo zimesimama, lakini ukiuliza aliyelala chini yake ni nani, hapana ajuaye. Walitumia mali ili wasisahauliwe, ikabaki mali na wakasahauliwa wao. Anayetaka kujua marumaru yake ya leo itasema nini baada ya karne tano, na aende Kunduchi.

Na pale ambapo nguzo au jengo halikusahauliwa, mara nyingi kilichobaki si kumbukumbu bali ni kitu kibaya zaidi. Kaole panatajwa kaburi la Sharifa, na watu huenda kuweka nadhiri na sadaka kwake. Takwa, katika kisiwa cha Manda, watu wamekuwa wakivuka maji kutoka Shela kwenda kuomba mvua penye kaburi la nguzo. Hakuna aliyeanza kwa nia ya kumshirikisha Allah (s.w.). Walianza kwa kupenda, wakapamba, kisha wakaja wajukuu waliokuta pambo bila kujua sababu yake. Mwanadamu akikuta jiwe limepambwa kuliko mengine hudhani lina siri. Leo ni kibao, kesho ni ubani, na keshokutwa mwanamke asiyezaa ataletwa pale na mama mkwe wake.

Saruji hulila jiwe

Sasa tuseme na wale ambao hadithi na Minhaji hazikuwatosha, wanaosema: sisi hatuna nia ya ibada wala fahari, tunataka tu kuhifadhi. Vyema. Tuzungumze nao kuhusu kuhifadhi.

Jiwe la kaburi la kale la pwani hii, kwa sehemu kubwa, ni tumbawe. Ni jiwe lenye vinyweleo. Hunyonya unyevu wa ardhi na wa hewa ya bahari, na hutoa unyevu huo kama kiumbe kinachopumua. Waashi wa zamani walilijengea kwa chokaa iliyochomwa katika tanuri kutokana na matumbawe hayohayo, nayo ni laini na hupumua pamoja na jiwe. Saruji ni kinyume chake. Ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi maji vizuri. Ukilivika tumbawe koti la saruji, unyevu hubaki ndani, chumvi ya bahari hujikusanya nyuma ya lipu, ikikauka hugeuka chembe zinazolipasua jiwe kutoka ndani. Kwa nje unaona kaburi jipya. Ndani jiwe linageuka unga. Kisha lipu hubanduka, na ikibanduka huondoka na uso wa jiwe pamoja na herufi zake. Haya wanayajua vizuri mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako nyumba nyingi za mawe zimeumizwa kwa ukarabati wa saruji baada ya kusimama muda mrefu kwa chokaa.

Si saruji peke yake. Wako wanaosugua maandishi kwa brashi ya waya na tindikali ili yaonekane meupe, wakayasugua mpaka yakaisha. Wako wanaopaka rangi ya mafuta ndani ya herufi, na aliyepaka hajui Kiarabu, basi nukta ikaongezwa hapa na kupunguzwa pale, Hasan akawa Husain. Wako wanaochoma majani ya makaburini kwa moto ili kurahisisha kazi, na moto hulipasua tumbawe. Na wako, hawa ndio wabaya zaidi, wanaoling'oa jiwe la asili kwa kuwa limechakaa na kulitupa kando, mahali pake wakaweka jipya lenye tarehe waliyoikisia.

Kule Gedi, kaskazini mwa Kilifi, liko kaburi ambalo maandishi yake yanataja mwaka 802 Hijria, sawa na 1399. James Kirkman, aliyeanza kuchimba katika mji ule mwaka 1948, na waliomfuata walipata katika tarehe hiyo moja nguzo ya kupimia umri wa mji ambao hakuna kitabu kilichoeleza habari zake. Jiwe lile lilifika kwao kwa sababu moja, kwamba hapakuwa na mjukuu mwenye fedha aliyelionea huruma. Lau angetokea mtu karne iliyopita akalivika vigae, leo tungekuwa na vigae.

Hebu mwenye akili azingatie. Sharia imekataza kulitia kaburi chokaa na kulijengea, na wajuzi wa mawe, wengi wao si Waislamu wala hawajasikia habari za Jabir (r.a.), wanakuambia usiguse jiwe la kale ila kwa uchache kadiri iwezekanavyo. Imekuwaje sisi tukawakhalifu wote wawili kwa mkupuo mmoja?

Waliolala bila jiwe

Liko jambo jingine ambalo halisemwi katika vikao vya michango. Makaburi ya kale hayakuwa ya wenye mawe tu. Jiwe la kuchongwa lilikuwa la mwenye uwezo. Pembeni yake, na mara nyingine kati ya jiwe na jiwe, wamelala wavuvi, wapagazi, wanawake waliokufa katika uzazi, watoto, na watumwa waliosilimu wakafa katika dini hii bila ya mtu wa kuwachongea hata kipande cha mti. Juu ya makaburi ya hao hakuna alama. Hakuna ukoo Maskati unaowachangia.

Fundi akija na toroli, mchanga wake humwagwa wapi? Maji hukorogwa wapi? Vibarua hukaa wapi wakinywa chai? Juu ya hao. Ili kaburi moja lipate vigae, makaburi kumi yamekanyagwa kwa wiki mbili. Na Mtume (s.a.w.), kwa mapokezi ya Abu Huraira (r.a.) katika Sahihi Muslim, ametufahamisha kuwa mtu kukalia kaa la moto likaunguza nguo yake na kufika ngozini ni bora kwake kuliko kukalia kaburi. Hakusema kaburi lenye jiwe. Muislamu mwenye nasaba na Muislamu asiyejulikana baba yake wana haki moja chini ya ardhi, na yule wa pili hana wa kumtetea ila sisi.

Enyi wenye nyundo

Ama vijana wetu, tunajua dalili yenu. Ni hadithi ya Abul-Hayyaj al-Asadi katika Sahihi Muslim, alipotumwa na Ali (r.a.) kwa ujumbe uleule aliotumwa yeye na Mtume (s.a.w.), asiache kaburi lililoinuliwa ila alisawazishe. Hadithi ni sahihi. Lakini somani aliyetuma na aliyetumwa. Ali (r.a.) alikuwa Amirul-Muuminina, na Abul-Hayyaj alikwenda kwa amri ya mwenye mamlaka. Hata wale aliowataja Shafii huko Makka walikuwa watawala. Wewe umetumwa na nani? Umetumwa na kanda ya mawaidha uliyoisikia Alhamisi?

Makaburi ya kale katika nchi zetu yana wenye dhamana. Tanzania Bara iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya iko Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Chini ya sheria hizo mtu hajengi wala habomoi kwa kupenda kwake, na hili linawahusu wenye vigae sawasawa na wenye nyundo. Tena jiwe la karne tano likipigwa nyundo huanguka juu ya kaburi, na Mtume (s.a.w.) ameufananisha uvunjaji wa mfupa wa maiti na kuuvunja akiwa hai.

Na zingatieni yaliyotokea Timbuktu. Mwaka 2012 watu waliyabomoa makuba ya makaburi ya mji ule kwa jina la tauhidi. Ilipofika 2015 makuba yale yalikuwa yamekwisha jengwa upya kwa msaada wa UNESCO, na mwaka 2016 mmoja wa waliosimamia ubomoaji alihukumiwa kifungo cha miaka tisa huko The Hague. Makuba ambayo nje ya Mali walikuwa hawayajui ila wachache sasa yanajulikana dunia nzima. Nyundo ile imeitumikia tauhidi kwa lipi? Ushirikina huanza moyoni, na moyo hauvunjwi kwa nyundo. Unasomeshwa. Kijana aliyekaa mwaka mzima na ndugu zake akiwasomesha mlango wa jeneza katika Minhaji amebomoa mengi kuliko aliyeruka ukuta usiku.

Basi ukoo ufanye nini?

Nendeni asubuhi, nyinyi wenyewe, si vibarua. Ng'oeni majani kwa mkono na panga, bila moto. Piganeni picha na jiwe mkitaka, lakini kwanza lipigeni picha jiwe lenyewe, pande zote, jua likiwa chini ili herufi zionekane, na mumwite anayesoma Kiarabu ayanakili maandishi neno kwa neno, pamoja na makosa yake. Nakala moja ibaki katika ukoo, na nyingine ipewe msikiti. Kama jiwe limeanguka na mahali pake panajulikana, lisimamishwe palepale na lishindiliwe kwa udongo na vijiwe. Tirmidhi ametaja kuwa Imam Shafii hakuona ubaya kaburi kukandikwa udongo. Kama mahali pake hapajulikani, msikisie. Kama limevunjika vipande, au ni la zamani sana, msiguse mpaka mmewaita wa idara ya mambo ya kale au makumbusho, kwa kuwa kuunga jiwe ni kazi yenye wenyewe.

Kazi hiyo huisha adhuhuri, na gharama yake ni nauli na maji ya kunywa. Fedha iliyobaki katika mchango, nayo itakuwa karibu yote, ina pa kwenda. Kwanza, je, huyo babu au watoto wake waliacha deni? Roho ya muumini imefungika kwa deni lake, na ukoo unaomjengea mzee marumaru ilhali watu wanamdai umemvika kilemba mtu aliye kizuizini. Pili, makaburi yale yana ukuta? Miji inapanuka, viwanja vina bei, na makaburi ya kale yasiyo na mipaka humegwa kidogo kidogo, leo banda la mkaa, kesho gereji. Jengeni ukuta kuyazunguka yote, ya wenye mawe na wasio na mawe, bila kuandika jina la mtu langoni. Huo ni ujenzi kwa ajili ya makaburi, si juu ya kaburi, na thawabu yake mmnuilie babu na kila aliyelala mle.

Imebaki hoja moja, na ndiyo tunayoisikia zaidi siku hizi. Husemwa: tusipojenga upya, kesho atakuja mwenye hati akadai eneo lote, na sisi hatutakuwa na ushahidi kuwa wazee wetu wako pale. Hofu hii ni ya kweli na hatuidharau. Lakini marumaru ya mwaka jana ni ushahidi wa mwaka jana. Ukisimama mbele ya hakimu na kibao kilichochongwa juzi, wakili wa upande wa pili atauliza swali moja tu: kilichongwa lini? Jiwe la tumbawe lililoliwa na upepo wa kusi, lenye tarehe ya Hijria kwa mkono wa mchongaji wa zama zake, na nakala yake ikiwa msikitini na makumbusho, hilo ndilo shahidi. Ukilivika saruji umemziba mdomo shahidi wako mwenyewe kabla ya kesi kuanza.

Na ambao wamekwisha kujenga, tunawaambia msibomoe kwa hamaki mkaharibu kilicho ndani. Ondoeni vyuma na kibao kwanza, hivyo vinaondoka bila madhara, na mviuze, thamani yake iingie katika ukuta. Ama saruji iliyoshikana na jiwe, mwulizeni fundi ajuaye chokaa kabla ya kuigusa patasi.

Wallahu aalam.